Nesi Kombe na Mkono Mwepesi

Jumatatu, 4 Machi 1996

Leo hospitalini tulikuwa na semina. Mgeni kutoka Nairobi alisema mfanyakazi anayejithamini hufanya kazi vizuri. Nilifurahi. Mimi najithamini tangu utotoni. Tatizo ni kwamba wagonjwa hawajapata habari. Asubuhi Mzee Kaizar, mwenye duka la vitambaa, aliniona nimeshika sindano ya dripu. Akateremsha mkono wa shati, akauliza Sista Kadzo yuko wapi. Kila mtu anamtaka Kadzo. Na Ijumaa Metroni Nasipwondi atachagua mkuu wa chumba cha sindano. Nimelifikiria jambo hili hadi chai ikapoa. Kasoro yangu ni moja tu: sisifiwi.

Jumanne, 5 Machi

Mpango tayari. Nimemwomba mama mdogo Mejumaa, ninayekaa kwake hapa Kibokoni, aje kesho anisifu mbele ya Metroni. Akauliza asifu nini. Nikasema mkono wangu, kwamba ni mwepesi. Akauliza kama ni mkono uleule ulioangusha sinia la biriani siku ya Idi. Nikamwomba hilo asilitaje. Amekubali, kwa sharti nimletee halua.

Jumatano, 6 Machi

Mama mdogo amezidisha. Alifika amejifukiza udi, akamshika Metroni mikono yote miwili. Akasema nilimdunga sindano huku anasimulia harusi ya jirani, na harusi ikaisha hajajua kama amedungwa. Sijawahi kumdunga mama mdogo. Lakini alivyosema huku machozi yanamlenga, hata mimi niliamini. Nilitoka pale natembea kama mwenye hospitali.

Metroni naye aliguswa. Akasema mkono kama huo usipotelee kwa watu wazima. Kuanzia kesho niko wodi ya watoto, kuweka dripu.

Hili halikuwamo katika mpango.

Alhamisi, 7 Machi

Mtoto wa kwanza ni wa Sidi, mama mmoja wa mtaa wa Majengo. Mtoto alinitazama. Nikatafuta mshipa, nikakosa. Nikayakumbuka maneno ya semina, nikakosa tena. Sidi akamchukua mwanawe taratibu, akaniambia, "Kaka, pumzika kidogo."

Akaitwa Kadzo. Akazungumza na mtoto habari za paka, na dripu ikaingia. Nikamuuliza siri yake.

"Mimi natazama mkono wa mtoto," akasema. "Wewe unatazama nani anakutazama."

Wivu, nadhani. Hata hivyo, nimeshindwa kula. Huenda kweli sifai.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudishwa kwa watu wazima. Baada ya sala ya Ijumaa, Mzee Kaizar aliletwa hospitalini amebebwa. Ametapika tangu alfajiri, macho yameingia ndani, mishipa haionekani. Kadzo alikuwa chumba cha upasuaji. Daktari akaagiza dripu upesi, na nesi aliyekuwapo ni mimi.

Sikuwa na nafasi ya kujifikiria. Nilimfunga mpira mkononi, nikapapasa kwa kidole, nikausikia mshipa ukibonyea kidogo, mwembamba kama uzi. Nikaingiza. Mara ya kwanza tu, ikaingia. Maji yakaanza kushuka na mimi nikakaa karibu naye, mkono wake nimeushika, hadi akafumbua macho.

"Ahsante, Kadzo," akasema.

Jioni Metroni alimchagua Kadzo. Lakini alinipita mlangoni akasimama. "Leo umefanya kazi, Kombe," akasema. Nimerudi nyumbani kwa miguu kupitia mtaa wa Kuze, na sikuhisi njia.

Jumamosi, 9 Machi

Kadzo amependekeza nifanye naye mazoezi kila asubuhi. Anasema mkono wangu si mbaya, ukizoea utakuwa mzuri. Nilimshukuru. Masikini, hajaelewa. Mtu aliyepata mshipa mara ya kwanza anafanya mazoezi ya nini?

Nitamwomba Metroni semina ijayo niiendeshe mimi. Nimeanza kuiandaa leo, nimesimama mbele ya kioo, nimevaa koti jeupe. Nilipofika kwenye sehemu ya unyenyekevu nilipaza sauti, na mama mdogo akauliza kutoka jikoni nagombana na nani.

Nikamwambia nafundisha.

Akauliza namfundisha nani.

Nikasema kwa sasa hakuna mtu, lakini wenye haja ni wengi.