Sungura wa Kumrudisha Nyanchama

Jumatatu, 3 Mei 1971
Nimenunua sungura wawili sokoni Ekerenyo. Dume na jike, muuzaji ameapa. Kufika Krismasi nitakuwa na mia! Mke wangu Nyanchama yuko kwa kaka yake, huko Nyacheki, tangu Februari, nyuki niliowafuga jikoni walipomuuma mdomo. Akisikia nimekuwa mfugaji, atarudi. Nyumba ni kimya mno.

Jumatano, 5 Mei
Jirani yangu Nehemiah, mzee wa kanisa, amepita. Nikachemsha chai ya watu wawili. Hakuketi. Akasema mnyama asiye na kwato zilizopasuka ni najisi. Nikamwonyesha mdomo wa juu wa sungura: umepasuka vizuri kabisa! Hakucheka. Nimekunywa vikombe vyote viwili.

Ijumaa, 7 Mei
Macho ya sungura yako kando ya kichwa. Ukiwanyemelea kwa nyuma, wanakuona. Meno ya mbele hayaachi kuota, ndiyo maana wametafuna mguu wa kiti cha Nyanchama. Mwenye madoa nimempakata jioni nzima. Masikio yana joto, mishipa inaonekana. Moyo unapiga mbio. Nikamsimulia habari za shamba langu la chai. Hana sauti. Yangu nayo imekauka kwa kutotumika.

Jumapili, 9 Mei
Wameumana! Manyoya kila mahali. Nikamwita Bathsheba, mke wa Nehemiah, aliyefuga sungura utotoni. Akawageuza chali, akachungulia, akacheka mpaka akaketi. Wote madume! Alisema kesho ataonana na Nyanchama sokoni. Nikamwomba amwambie mradi unaendelea vizuri. Akasema atamwambia ninakula ugali mkavu peke yangu. Eti hilo litatosha kumrudisha.

Jumanne, 11 Mei
Wamechimba shimo chini ya banda lao, wametoroka. Nimemwona mmoja tu akikimbia. Ile miguu mirefu ya nyuma! Mruko mmoja, akapotea ndani ya michai. Nimeita mpaka giza. Sikuwa nimewapa hata majina ya kuita.

Alhamisi, 13 Mei
Amekuja! Alisimama mlangoni na mfuko wake, akauliza sungura wako wapi. Nikasema wametoroka.
“Basi, Baba Kemuma,” akasema, “sasa tukae kama watu.”
Akaweka mfuko chini. Akawasha moto. Akanimiminia chai, akajimiminia yake. Furaha ikanizidi, nikamweleza kuhusu bata mzinga ninaotaka kununua. Hamsini. Wangelala chumbani kwetu mpaka nijenge banda.
Akauchukua mfuko.
Kikombe chake bado kinatoa mvuke. Pengine hamsini ni wengi. Kesho nitamwandikia barua kwamba tutaanza na ishirini.