Kamati ya Sikio Moja

Mamlaka ya Ustaarabu wa Mtandao ina furaha isiyo kifani kuwatangazia wananchi kwamba uhuru wa kusikiliza muziki umeimarishwa. Kuanzia sasa, wimbo wowote kabla haujatoka simu moja kwenda nyingine, tutausikiliza sisi kwanza. Mimi ndiye Mkurugenzi wa Usikilizaji. Kabla yangu watu walikuwa wakitumiana nyimbo ovyo, kama majirani wanaoombana chumvi.

Kazi hii si lelemama. Wimbo mbaya humharibu hata anayeuchunguza, kwa hiyo wajumbe wangu husikiliza kwa sikio moja moja. Mwanasheria hutumia la kushoto, mhasibu la kulia, na sikio linalobaki huzibwa kwa pamba ya serikali. Kikanuni, kila mmoja anakuwa amesikia nusu wimbo. Mimi peke yangu, kwa dhamana niliyopewa, hutumia yote mawili.

Ndipo ukaja wimbo wa kinyozi mmoja, aliouimba saluni huku akimnyoa mteja: wakizima mtandao, nitakuimbia mlangoni. Ulienea mji mzima kabla ya chakula cha mchana. Tukaupiga marufuku, tukazima mtandao. Benki zilisimama, ndege hazikuruka, lakini utulivu ulikuwa wa kupigiwa mfano. Kinyozi tukamweka ndani.

Mkewe alinijia ofisini, mtoto mgongoni.

"Bosi, baba watoto afungwe miaka kumi kwa wimbo? Kwani kaua mtu?"

"Mama, angeua tungekuwa na taratibu zilizozoeleka. Hili ni zito zaidi."

"Basi mwacheni aimbe mwingine."

"Ukishaidhinishwa."

Akalia palepale, mbele ya meza yangu. Nilimwonea huruma kweli, ila huruma haikuwemo kwenye bajeti ya mwaka ule.

Mahakamani, hakimu aliuliza kitu kidogo tu: nani anathibitisha kuwa wimbo wa saluni ndio ule uliopigwa marufuku? Nakala zote tulikuwa tumeziteketeza, kama sheria inavyotaka. Polisi akasema hajawahi kuusikia. Mwanasheria wangu akasema yeye ni wa sikio la kushoto. Mhasibu akasema yeye ni wa la kulia.

Kesi ilikuwa inatuponyoka hivihivi. Nikasimama.

"Mheshimiwa, mimi naujua wote. Beti tatu na kibwagizo!"

Nikauimba. Niseme bila majivuno, niliuimba vizuri. Hata karani alikuwa akigonga meza kwa kidole.

Hakimu akafungua sheria, ile niliyoiandika kwa mkono wangu. "Kuujua wimbo wote ni kosa. Kuuimba hadharani ni kosa la pili. Kinyozi hapa hakuna aliyemsikia." Akamgeukia kinyozi: "Nenda nyumbani, baba."

Kinyozi alipopita karibu yangu akaninong'oneza, "Kwenye ubeti wa pili umenizidi, bosi."

Sasa niko mahabusu, na natamka wazi kwamba sheria inafanya kazi barabara. Juzi alikuja Waziri mwenyewe, yule aliyeniteua. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Akawafukuza walinzi, akainama kwenye nondo.

"Hebu uimbe, Mkurugenzi. Mtandao tumeuzima, sina pa kuupata."

Nikauimba wote. Akafumba macho, akatikisa kichwa, akaomba urudiwe.

"Mheshimiwa," nikasema nilipomaliza, "sasa unanitoa lini?"

Akanishangaa. "Nikutoe? Halafu sisi tusikilize nini?"