Dawa Mnazoipa Figo Yangu Bila Kuniuliza

Zacharia Gachau,
Fundi wa Mageti na Madirisha,
Gatongora, Ruiru.

Kwa Daktari Sapna,
Mkuu wa Kliniki ya Figo,
Thika.

Daktari mpendwa na mwenye masomo mengi,

MINTARAFU: DAWA MNAZOIPA FIGO YANGU BILA KUNIULIZA

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umeshakunywa chai, kwa sababu yaliyomo si ya kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi ndiye yule mjomba aliyempa Wamboi, binti ya marehemu dada yangu Wangechi, figo ya kushoto. Utanikumbuka. Ni mimi niliyeamka baada ya kupasuliwa nikauliza kama kuna kazi ndogo ya kuchomelea hapo wodini, maana kitanda changu kilikuwa kinalia.

Wamboi anaendelea vizuri. Ameachana na ile mashine ya kusafisha damu, amerudi kufundisha watoto wa nasari kwa simu, na juzi ameanza kunijibu vibaya kama zamani. Figo inafanya kazi. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni zile tembe za kuzuia virusi ambazo mfamasia wenu, kijana anaitwa Mutinda, amemwagiza azimeze kila siku, miezi na miezi, na hali mtoto si mgonjwa. Mke wangu Emmah ameniambia kama ni lazima niandike, basi niandike kwa adabu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Figo yangu imetukanwa. Nilimuuliza Mutinda, mtoto amepona, dawa ni ya nini? Akanijibu mbele ya foleni nzima, "Mzee, kuna virusi vinaitwa CMV. Watu wazima wengi wanavyo na hawajui. Kwako vimelala tu. Lakini Wamboi hajawahi kuvipata, na tumeshusha kinga yake kwa dawa ili mwili usiikatae figo. Vikiamkia kwake vitamuumiza, hata figo yenyewe vinaweza kuiharibu." Yaani, Daktari, kwa lugha ya nyumbani, mimi ndiye niliyempelekea mtoto wa dada yangu ugonjwa ndani ya zawadi. Kuna mama kwenye foleni alinitazama kama mtu aliyeleta keki yenye mchanga.

Ningependa ijulikane kwamba mwaka ule mtaa wetu wote ulipoharisha, tuliobaki wima ni mimi na mbwa wa chifu. Nyuki waliwahi kuniuma uso mzima, na jioni nikaenda harusi Juja, watu wakanipongeza kwamba nimenenepa. Hiyo ndiyo damu iliyolea figo hiyo. Kirusi kingelala wapi? Kwangu hata wageni hawalali, wanakaa wakinisikiliza.

2. Mwenye mali hakuulizwa. Kwetu mtu akimweka ng'ombe wake kwa mwenzake amfugie, yule mfugaji atakunywa maziwa, lakini ng'ombe ana mwenyewe. Mfugaji akitaka kumpa hata dawa ya minyoo, anatuma mtu kwanza kuomba ruhusa. Hivyo ndivyo baba yangu Kiama alivyofuga ng'ombe wa watu wa Mwiki, na hakuna aliyefika kwa chifu. Mimi nimeiweka figo kwa Wamboi. Maziwa anywe, sijamkataza. Lakini dawa ilipaswa kupitia kwangu. Mutinda anasema nilitia sahihi. Ni kweli nilitia sahihi kwamba natoa figo. Sikutia sahihi kwamba nimeisahau.

3. Wamboi alisema tembe ni kubwa, zinasimama kooni. Mimi kama fundi nikaja na suluhisho: nizisage kwa jiwe, nichanganye na uji, mambo yaishe. Mutinda akaruka kama nimeshika waya wa stima. "Zisisagwe, zisivunjwe, unga wake usiguse ngozi ya mtu. Ameze nzima, na chakula tumboni." Sasa nauliza, unga ambao mimi mwenye mikono ya moto wa weldi siruhusiwi kuugusa, unaingiaje tumboni kwa mwalimu wa nasari? Na kama ni lazima dawa iende na chakula, basi hicho ni kitoweo, na kitoweo ni mambo ya watu wa nyumbani.

Siku hiyo hiyo kijana alikataa chupa ya supu ya mizizi niliyomletea Wamboi. Ati inaweza kugombana na dawa zake zingine. Hakuinusa hata. Supu hiyo, Daktari, ilimwinua punda wa Gatongora aliyekuwa ameshalala kando ya barabara, watu wamemzunguka wakimjadili kwa wakati uliopita. Punda huyo yuko mpaka leo na hapatani na mtu.

4. Figo yangu ni moja. Dawa yenu inazunguka Wamboi mzima: mikono, masikio, mpaka kwenye nywele. Hizo sehemu zingine si zangu na sijasikia zikishtakiwa.

5. Mnamtoa damu kila mara kuangalia chembe zake nyeupe, kwa sababu mmesema dawa hii inaweza kuzishusha. Kwa hivyo mnampa dawa, mnaangalia kama dawa imemdhuru, halafu mnampa tena. Mimi nikifunga geti la mtu kisha nirudi kila wiki kuligonga nyundo nione kama limeshika, Gatongora nzima itasema sijiamini. Na hiyo damu imechujwa na figo yangu. Majibu yake ningetarajia kusomewa mimi, nimekaa, na chai mkononi.

6. Nilipanga ibada ya shukrani. Hema lipo, kwaya ipo, binamu wa Juja wameshasuka nywele. Wamboi akanipigia, "Anko, kwani ulimuuliza nani? Daktari amesema nikae mbali na umati, na mwenye mafua asinikaribie. Wakiwa na maombi waombee huko huko kwao, Mungu ana masikio." Mimi nilikuwa nimeshawaahidi watu wataiona figo. Sasa nimebaki nikiwaonyesha kovu, na kanisa limelichoka. Mama wa ushirika ameniomba niwe naenda na shati limefungwa.

Kwa sababu hizi zote, naomba kwa heshima tembe zisimamishwe.

Kama haiwezekani kuzisimamisha, basi nizimeze mimi. Virusi ni vyangu, mmesema wenyewe. Na hizi figo mbili zimelala ubavu kwa ubavu tangu tumboni mwa mama yangu, hazijawahi kufichana jambo. Ile iliyobaki ikinywa dawa, ile iliyoenda itajua.

Kama hilo ni gumu, Wamboi awe analetwa kwangu kila Jumapili, akae upande wangu wa kushoto, virusi visikie sauti ya mwenyewe viendelee kulala.

Na hilo nalo likishindikana, basi naomba figo hiyo nirudishiwe. Nitampa ya kulia, ambayo haijalaumiwa na mtu yeyote, tuanze upya kwa amani. Niko tayari siku yoyote isipokuwa Jumamosi, nina geti la kupeleka Mwiki.

Nisalimie manesi wote, hasa yule aliyekuwa akinikatisha hadithi kwa kunipima presha. Msalimie askari wa mlangoni, na umwambie bawaba ya juu ya geti lenu imeanza kula kutu. Msalimie yule mama wa foleni kama bado yupo. Mutinda naye msalimie, lakini kidogo.

Wako aliyepungukiwa kiungo lakini si msimamo,

Zacharia Gachau.

N.B. Barua hii nimeileta mimi mwenyewe, na sasa nimekaa kwenye benchi nje ya dirisha la dawa. Leo asubuhi Wamboi ametapika, tembe ikiwa haijakaa tumboni. Homa hana, nimemwambia apime mara mbili. Alitaka kumeza nyingine haraka ili asikose ya leo. Nikamkataza kwa ukali mpaka akalia, kwa sababu Mutinda alituambia tusiongeze na tusiruke bila kumuuliza, na huyo kijana sijamwona akikosea. Simu yenu ina watu asubuhi yote, ndio nikapanda gari. Pia kopo lake la tembe linakaribia kuisha, na duka la dawa la pale Ruiru wanasema mpaka waagize. Msiniache nirudi mikono mitupu. Mimi humpigia kila asubuhi akiwa na uji, na sikati simu mpaka nisikie amemeza. Tafadhali muite Mutinda aje dirishani aniambie, ameze nyingine au angoje ya kesho? Wamboi amekaa na simu mkononi. Barua mtaisoma baadaye.