Kushindana na Idi Aliyezama

Jumatatu, 2 Julai 2001. Baraka.

Leo Waridi amenisemesha. Si salamu tu, maneno kamili, amesimama njiani na beseni la nguo kichwani. Nimempenda tangu shule ya msingi, yeye dawati la mbele, mimi nyuma nikitazama kisogo chake badala ya ubao. Ndiyo maana hesabu sizijui mpaka leo.

Amesema kwamba mchana, anapofua kwenye mawe chini ya ghala la pamba la zamani, husikia mluzi ndani. Mluzi wa Idi. Alikuwa akimwita hivyo kutoka nyuma ya ua wa baba yake. Idi alikuwa mchumba wake. Mwezi wa tano alipanda mtumbwi kuvuka ziwa kwenda Kigoma, upepo ukaupindua mbele ya rasi ya Ubwari. Waliookolewa walimwona akienda chini. Mwili haukupatikana.

Kisha akaniuliza kama mimi, ninayesoma sana, naamini kwamba wafu hurudi.

Nimesoma, ndiyo. Nilimaliza riwaya zote za mizuka na mapenzi kwenye maktaba ya misheni kabla haijaporwa. Ndani yake, kijana na msichana wakifuatilia fumbo pamoja, huwa wamependana kabla ya sura ya mwisho. Sijasoma hata moja iliyokwenda tofauti.

Nikamwambia wafu hurudi. Nikaongeza kwamba mimi mwenyewe huwasikia, kipaji nilichorithi kwa babu yangu wa Nundu. Babu wa Nundu alilima mihogo, na maiti aliwaona mazishini tu, kama watu wote. Lakini Waridi alinitazama machoni. Kwa macho yale ningemrithi babu yeyote.

Jumanne, 3 Julai.

Maandalizi. Ghalani nimepata kipande cha bati. Nikikikanyaga kwa kisigino kinalia vizuri. Nimekifunika kwa vumbi.

Mama mdogo Adolphine, aliyenilea tangu mama yangu afariki, ameniuliza natafuta nini kule, karibu na kambi ya askari, wakati vijana wanakamatwa na kubebeshwa masanduku ya risasi hadi milimani. Nimesema naenda kusali. Akasema nisalie nyumbani, Mungu husikia hata kutoka jikoni. Akanipa kitunguu nimenye.

Jumatano, 4 Julai.

Kikao cha kwanza. Mchana wa jua kali, watu wamekimbilia vivulini. Waridi aliacha nguo kwenye mawe akaja. Ananiita yaya, kama kaka yake mkubwa. Hilo litarekebishwa.

Nikamweleza utaratibu. Bati likilia, mzimu umekubali. Kukiwa kimya, umekataa. Hapo ndipo penye akili, kwa sababu kimya nakimiliki mimi.

Akauliza kama ni Idi aliye hapa. Nikakanyaga. Waridi akalia machozi. Machozi sikuyapanga. Nilibaki nimesimama na kisigino changu, nikajisikia mdogo kuliko kipande kile cha bati.

Akajifuta, akauliza kwa sauti ya chini, "Idi, ungali unanitaka?"

Nikaondoa mguu kabisa. Mpango ulikuwa kimya. Mzimu unakataa, msichana anakuwa huru, yaya yuko karibu na leso.

Bati likalia. Si bati langu. Lililia nyuma ya ukuta, chumba cha ndani, kwa nguvu, kama mtu anayepiga kwa ngumi.

Nilitoka mimi kwanza. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma. Waridi alitoka baadaye, taratibu, uso wake unang'aa, ameshika kandambili yangu moja.

Alhamisi, 5 Julai.

Kushindana na mtu hai naweza. Mtu hai huota chunusi, hulewa, husema ovyo. Maiti hakosei. Kila siku anazidi kuwa mzuri.

Nikarudi peke yangu asubuhi, na Biblia na panga. Chumba cha ndani kilikuwa na majivu ya moto na mifupa ya samaki wadogo, ndagala. Nikasimama nikafikiri. Mizimu haichomi ndagala.

Alikuwa nyuma ya mashine yenye kutu. Idi. Amekonda, ndevu zimejaa, anakohoa. Tulicheza mpira pamoja zamani, na daima yeye alikuwa bora. Nililia kwenye matanga yake, tena kwa moyo. Sasa nikakaa chini, panga mapajani.

Amenieleza yote. Mwezi wa nne askari walimkamata wakambebesha risasi kupanda njia ya Fizi. Akawatoroka, wakaapa kumuua. Ndiyo sababu alipanda mtumbwi ule. Ulipopinduka alishika ubao hadi ufukweni, akarudi kwa kuvizia, na mjomba wake mvuvi akamficha hapa. Mjomba humletea samaki. Wengine wote wanajua amekufa, na kwa askari hiyo ndiyo salama yake.

Nikamuuliza, mbona jana amepiga bati.

"Aliniuliza," akasema. "Nilishindwa kunyamaza."

Nikamwambia na huo mluzi aache, ufukweni wanausikia.

Akanitazama muda. "Mi najificha, Lionel. Nani anajificha na anapiga mluzi? Na miye nausikia. Nilizani ni weye."

Nikasema si mimi. Kisha wote wawili, bila kupatana, tukasogea karibu na mlango.

Ijumaa, 6 Julai.

Leo nimesimama karibu na kambi ya askari muda mrefu kuliko inavyofaa. Mmoja akaniuliza nataka nini. Nikaomba kiberiti. Akanipa. Nikarudi nyumbani na kiberiti. Juu ya hilo sitaandika zaidi.

Baadaye nikapata mpango safi. Nimemwambia Idi hivi: Waridi akijua uko hai atakuletea chakula, askari watamfuata, na atakayeumia ni yeye. Nenda Kigoma peke yako, ubaki umekufa. Mimi nitamwambia kwa niaba yako kwamba umemwachilia.

Kila neno lilikuwa la kweli. Sijawahi kudanganya vizuri namna ile, na kwa ukweli mtupu.

Idi akainamisha kichwa. Akakubali. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Weye ni ndugu ya kweli." Nimetembea hadi nyumbani kama mwenye jiwe kwenye kandambili.

Usiku sikulala. Nilikuwa nimepata kila nilichotaka, nikashangaa kwamba kifua kinauma.

Jumamosi, 7 Julai.

Kikao cha pili. Idi nyuma ya ukuta, anasikiliza apate kuamini kwamba yamekwisha. Mimi nimefumba macho, sauti nimeitoa tumboni.

Nikasema Idi anakuomba umwache. Anasema utafute mwanamume mwingine, wa hapahapa Baraka, mpole, asiye mvuvi, ikiwezekana anayesoma vitabu.

Waridi hakulia. Alikunja mikono kwenye kitenge chake, akajibu kama mtu anayezungumza na jirani.

"Umwambie nimesikia," akasema. "Umwambie batu wamekuya kwa baba yangu kunitaka, na nimekataa. Kila asubuhi nafungua dirisha ya upande wa ua, nakaa pale, na ninajua hakuna mutu. Nakaa tu. Kama anataka nimuache, aje aseme ye mwenyewe kwa kinywa yake. Mupaka siku hiyo nitakaa."

Nilifumbua macho, nikamwona, na nikajua kwamba hakuna mtu duniani atakayenikalia dirishani namna ile.

Hapo mzimu ukakohoa.

Nikasema upesi kwamba wafu wa ziwani hukohoa, ni kwa sababu ya maji. Waridi alikuwa ameshazunguka ukuta.

Nikabaki na bati langu. Kisha nikasikia Waridi akisema, polepole kabisa, "Umekonda."

Basi. Hilo tu. Katika riwaya zote nilizosoma, hakuna aliyesema neno zuri kuliko hilo, na halikuwa langu.

Jumapili, 8 Julai.

Baba yake Waridi ameambiwa. Alikaa na kofia yake mkononi, kisha akamwita mwalimu wa msikiti. Ndoa imefungwa chumbani, milango imefungwa, mjomba akimwakilisha Idi. Mimi nilikaa uani nikalinda. Waliniletea chai na maandazi. Chai ilikuwa na sukari nyingi na sikuisikia.

Kesho mchana, maana usiku ziwa lina upepo mkali, mjomba atawavusha wote wawili, kwa mtumbwi uliofichwa kwenye matete ya mto. Tatizo ni moja. Kutoka kambini askari wanaliona ziwa lote. Lazima mtu awaondoe pale.

Waridi akaja uani. Amefunga ushungi mpya, mikono imepakwa hina. Nikatazama kikombe.

"Yaya Lionel," akasema, "ni weye tu unajua kudanganya vizuri."

Nikauliza tangu lini amejua. Akasema tangu siku ya kwanza. Aliuona mguu wangu.

Nikauliza kwa nini basi alirudi. Akasema, "Nilitaka mutu wa kukaa naye pale nikimuita. Wengine wote walisema ninyamaze."

Nimekubali. Angeniomba nibebe ghala ningekubali.

Jumatatu, 9 Julai.

Naandika upesi kabla ya kukimbia.

Mchana nilikwenda kambini nikamwambia mkuu wao kwamba ghalani kuna mzimu, na leo ndiyo saa yake. Wakacheka. Mmoja hakucheka, kijana wa mbali, si mwenyeji wa huku, akasema hata yeye ameusikia mluzi akiwa zamu. Mkuu akakasirika. Akasema wote twende, atamwonyesha mwenzao kwamba ni panya.

Tukaingia. Nikawapanga migongo kwenye dirisha la ziwani. Nikakanyaga bati. Nikatoa sauti ya tumboni. Mkuu akatazama chini, akauona mguu wangu. Kila mtu huuona mguu wangu.

Kofi lake limeniacha sikio likilia. Akaniuliza namficha nani. Akakoki bunduki. Akasema, "Sema, mutoto, ao nikufunge pamoja na mzimu yako." Nikafikiria jikoni kwa mama mdogo Adolphine. Ajabu ni kwamba sikusema. Sijui ni nani aliyenifunga mdomo, maana mimi najijua.

Hapo ukapigwa mluzi.

Chumba cha ndani, karibu kabisa. Mrefu, wa upole, unapanda mwishoni, kama mtu anayemwita mtu wake nyuma ya ua. Kijana wa mbali alitoka kwanza, wengine wakamfuata, na mkuu akapita juu yangu. Walikimbia upande wa barabara, mbali na ziwa.

Nikajikokota hadi dirishani. Mtumbwi ulikuwa umeshatoka kwenye matete, uko mbali kwenye maji. Mjomba nyuma, Idi mbele anapiga kasia, katikati kitenge cha njano cha Waridi. Idi alikuwa kule. Nilimwona kwa macho yangu. Na nyuma yangu mluzi ukapigwa tena.

Sikugeuka. Wafu nawasikia kwa maneno tu, kwa masikio sikuwa nimejiandaa. Nilisimama natazama mtumbwi, nikisubiri Waridi ageuke aangalie Baraka hata mara moja.

Hakugeuka.

Jumapili, 22 Julai.

Nilijificha kwa shangazi huko Swima hadi askari wale walipobadilishwa. Nimerudi leo.

Mjomba amefika kutoka ng'ambo. Wamefika salama, wako kambi ya wakimbizi, wamepewa hema. Idi kikohozi kimepungua. Waridi amesema, msalimieni yaya Lionel.

Nimemwomba mjomba arudie salamu kama zilivyosemwa. Akarudia. Nikauliza kama alicheka aliposema, au alinyamaza kidogo kabla ya jina langu. Akasema yeye ni mvuvi, hajui mambo hayo.

Nimepita kwenye mawe ya kufulia. Wanawake wengine wanafua pale. Nyuma ya ua wa baba yake kuna dirisha moja limefungwa. Nimesimama mbele yake kama mpumbavu, kisha nikaanza kupiga mluzi, nikakoma. Sijui kupiga mluzi.

Jioni mama mdogo Adolphine amenipa samaki mkubwa. Hakuuliza kitu. Angeuliza ningelia, nadhani alijua.

Jumatano, 1 Agosti.

Moyo umepona. Nimejifunza mengi, na sasa mimi ni mtu mwingine.

Leo nimezungumza na Espérance, binti wa katekista. Ana sauti nzuri na shingo ndefu. Amesema kila akilala mchana huota mwanamke mwenye nguo nyeupe, amekaa ukingoni mwa kitanda, anasuka mkeka usiokwisha. Anaogopa. Hajui maana yake.

Nikamwambia ndoto ni kazi yangu, nimerithi kwa bibi.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimeuliza mapema kama kuna mchumba. Yupo, anaitwa Alphonse, anachimba dhahabu Misisi. Nimeuliza tena kama mashimo ya Misisi hubomoka mara kwa mara. Simwombei mabaya. Nimeuliza tu.

Tulikaa nje ya kanisa, yeye akasimulia ndoto tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza akaniuliza natazama nini, maana tangu aanze kusema macho yangu yalikuwa juu ya bega lake, kule ziwani, ambako mtumbwi mmoja ulikuwa unakuja kutoka upande wa Kigoma.

Nikasema naona roho.

Akanisogelea. Mpango unakwenda vizuri sana.