Tabo kwenye Gari la Kilomita Laki Nne

Jumatatu, 3 Machi
Gari langu lina tabo! Fundi ameshinda chini yake kutwa nzima akilifunga konokono hilo la chuma. Moshi wa ekzosi unalizungusha, nalo linaisindilia injini hewa. Moshi! Kitu tulichokuwa tunakitupa miaka yote. Nimebaki mdomo wazi.

Fundi alinung'unika kwamba injini ya kilomita laki nne ni ajuza, haikimbizwi. Tena akatoa masharti: oili ibadilishwe mapema, na kila nikifika niiache injini ingurume kidogo kabla ya kuzima, tabo ipoe. Niliitikia. Sikusikia vizuri, nilikuwa naitazama.

Jumanne, 4 Machi
Kilima cha hospitali. Gari likavuta pumzi, kisha filimbi nyembamba, fiii, na mgongo wangu ukagandamana na kiti. Tukalipita lori! Gari lililokuwa likipitwa na baiskeli! Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ana gari jipya na anajitia kumpeleka mama yao Ijumaa kwenye upasuaji wa macho. Mama kaisubiri nafasi hii mwaka mzima. Akichelewa, anaanza foleni upya. Nimemwambia shemeji apumzike. Mkwe yupo.

Jumatano, 5 Machi
Uvumbuzi! Nikifika kwa kasi na kuzima papo hapo, filimbi inaendelea peke yake, inafifia taratibu. Inasisimua mwili. Nimerudia mara kadhaa mbele ya nyumba ya shemeji. Pazia lilitikisika.

Oili ni nyeusi tii. Nimeiacha. Imezoeana na injini, mgeni ataleta fitina.

Alhamisi, 6 Machi
Moshi wa buluu. Rangi nzuri ajabu. Mke wangu kauliza kama tumwombe kaka yake. Nimenuna mpaka usiku.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe alikaa mbele, mkoba mapajani. Haoni vizuri, ila masikio anayo. Filimbi ilipopanda akauliza kama kuna ndege. Nikamwambia ni sisi. Alicheka kama msichana. Nilijiona mfalme.

Halafu chuma kikasaga chuma, moshi ukatufunika, gari likakata roho katikati ya kilima. Niliogopa kweli. Macho ya mama yalikuwa mikononi mwangu. Nikampigia shemeji. Alikuja bila kunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Walifika muuguzi akiwa ameshaanza kumwita mgonjwa mwingine.

Kabla hajahamia gari la shemeji, mama alinishika mkono, akanong'ona:
"Mwanangu, likipona, usinisahau."

Jumamosi, 8 Machi
Fundi kaipasua tabo. Ndani, oili imegeuka makaa. Anasema ukizima ghafla, oili inaungulia humo na mhimili unakauka. Anasema nimeiua kwa mikono yangu. Nilishika makaa yale kiganjani, nikayageuzageuza. Moto wote huo, ndani ya gari langu!

Mke wangu kapiga simu. Mama kafunguliwa bandeji, anaona hadi nyufa za dari. Nimefurahi kupita kiasi.

Nimemwagiza fundi atafute tabo kubwa zaidi, na atoboe boneti. Mama ana macho sasa, lazima aione ikizunguka.