Yah: Kuandikishwa Mlevi Bila Kuonja

Kwa Bibi Msimamizi wa Bustani za Umma,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chenye mgongo. Mimi sijambo, ila goti la kushoto, ambalo ndilo chanzo cha haya yote. Ni fundi cherehani mstaafu, mume wa mke mmoja, babu wa wajukuu sita ambao wote wanaishi kwangu, na tangu nizaliwe sijaonja pombe. Naomba uikumbuke sentensi hiyo, maana huko mbele itakuwa na kazi.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikijinyoosha mchana kwenye benchi la tatu kutoka langoni, karibu na bomba la maji. Walevi walikaa upande wa pili wakiimba, wakigombana, na kukojoa penye kibao kinachokataza kukojoa. Mimi hawakunigusa. Kisha ofisi yako ikabuni mpango: badala ya kuwafukuza, wapewe vizibao vya njano, filimbi na daftari, wawe Kamati ya Utulivu wa Bustani. Vizibao hivyo nilivishona mimi, tena kwa moyo mkunjufu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wameacha pombe. Kwa hilo peke yake sina ugomvi nao. Lakini mtu aliyeacha kitu juzi hana subira na anayedhaniwa bado anacho. Mwenyekiti wao, ambaye sote tulimjua kwa jina la Chupa Tatu, siku hizi anachana nywele na kutembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

2. Nikisinzia napigiwa filimbi, kisha Katibu ananiinamia na kuninusa. Bibi Msimamizi, nina miaka sabini na mmoja. Mara ya mwisho kunuswa nilikuwa mtoto mchanga.

3. Jumatatu iliyopita niliamriwa nitembee juu ya mstari mweupe wa njia ya baiskeli. Nikaeleza habari za goti. Mwenyekiti akanijibu kwa upole kwamba hata yeye alikuwa na goti, miaka tisa, na kila mlevi ana goti lake. Nikatembea. Goti likanipeleka kwenye maua. Daftarini wakaandika: "Mlevi, mkaidi, anasingizia kiungo."

4. Nilipokana, wakatikisa vichwa kwa huruma, kwani kwa utaratibu wao kukana ni dalili ya kwanza. Nikanyamaza. Hiyo nayo ikaandikwa dalili ya pili.

5. Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu, ambaye nimeishi naye miaka arobaini na minne, alinusa koti langu, hakukuta kitu, akasema basi nimekuwa mjanja. Shemeji yangu akadai alishuku siku nyingi. Mjukuu wangu wa mwisho sasa ananiita Babu Chupa. Hapo niliumia, sitaficha.

6. Nimeamriwa kuhudhuria ushauri nasaha kila Jumatano saa tisa alasiri, kwenye kibanda cha majembe na mipira ya maji, hadi nitakapokiri.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, ofisi yako iwarudishie pombe. Si kila siku. Jumanne na Alhamisi zinatosha kabisa. Kama utaratibu hauruhusu, basi apewe walau Mwenyekiti peke yake, kwa majaribio. Bustani ilipokuwa na walevi kumi na mmoja, nililala vizuri. Sasa hivi imebaki na mlevi mmoja tu, naye ni mimi. Naomba pia jina langu lifutwe daftarini, na lifutwe mbele ya mke wangu.

Nisalimie makarani wote, mtunza maua ambaye namwomba radhi, na yule mama wa mapokezi aliyeniuliza juzi kama nimekuja mwenyewe au nimeletwa.

Ni mimi, mkavu tangu kuzaliwa,
Fundi wa Vizibao

Tanbihi: Nilichelewa kuituma barua hii kwa sababu jana, Jumatano, nilikwenda kwenye huo ushauri ili nikusanye ushahidi zaidi dhidi yao. Kuna chai. Kuna viti vyenye migongo. Mwenyekiti aliniuliza goti lilianza lini, na watu kumi na mmoja wakanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo nyumbani halijatokea tangu nistaafu. Katibu alilia kidogo. Wameniomba wiki ijayo niendelee pale nilipoishia. Kwa hiyo tafadhali usimrudishie mtu yeyote chochote, na jina langu liachwe lilivyo. Nasikia asiye mlevi haruhusiwi kuhudhuria. Ikibidi nithibitishe, niko tayari kujifunza. Naomba tu ofisi yako inielekeze ni pombe gani isiyo chungu sana.