Nilijaza Tano

Jumatatu, 19 Novemba

Bi Maeng wa ghorofa ya tatu, yule anayefundisha chuo, amepita mlango kwa mlango na fomu ya maswali. Swali la kwanza: Unajali shida za wenzako kwa kiasi gani? Moja hadi tano. Nimejaza tano. Nikaona haitoshi, nikaongeza pembeni kwa kalamu nyekundu: na zaidi. Bi Maeng akasema ya pembeni hayahesabiwi. Majina yanaandikwa, kwa sababu atarudi kuuliza tena. Vizuri sana. Uchaguzi wa mwenyekiti wa jengo letu ni tarehe mbili, nami nagombea, na mtu mwenye tano anastahili kujulikana.

Nilimsindikiza hadi mlango wa pili kwa Bw. Gil, nikasimama karibu ili nione. Bw. Gil ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Ana gari bovu la mizigo na chungu cha maua anachokiweka kwenye maegesho bora kuliko yote, ili mwingine asiegeshe. Aliuliza kama kujaza ni lazima. Kisha akajaza mbili. Mbili! Mbele ya mwanamke msomi! Nilishuka kwa ngazi badala ya lifti, kwa raha tu.

Jumatano, 21 Novemba

Meli ya mafuta imegongwa huko pwani ya magharibi. Televisheni inaonyesha mawe meusi tii. Gye-sun, mke wangu, aliutambua mwamba kabla hawajataja kijiji. Ni kwao. Mama yake ana miaka sabini na minne na bado anabandua chaza kwenye mawe yale yale. Ndio waliomsomesha Gye-sun. Kila Novemba hututumia ndoo nzima, tuwatie kwenye kimchi ya msimu, ile kabeji ya kuchachushwa.

Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Nikasema naumia sana. Gye-sun alikuwa anakunja soksi. Akauliza, "Baba Hansol, unakuja au huji?" Nikamweleza kwamba duka langu la miwani halijifungui lenyewe, kwamba macho ya watu hayasubiri, lakini Jumamosi nitafika na jengo zima nyuma yangu. Aliniangalia kwa muda ambao sikuupenda. Hansol, mwanetu, yuko jeshini, kwa hiyo hapakuwa na wa kunitetea.

Ameondoka na basi la saa saba mchana. Nimezunguka sebuleni mara nyingi. Sijui soksi zangu zinawekwa wapi.

Alhamisi, 22 Novemba

Kikao cha wakazi. Nimezungumza dakika ishirini. Wawili walifuta macho, ingawa mmoja ana mafua. Kule, nikawaambia, mawe yanafutwa kwa mkono, moja moja, kwa vitambaa vikuukuu. Nikapendekeza tukusanye vitambaa na tukodi basi la Jumamosi. Makofi! Kwenye karatasi ya majina nimejiandika wa kwanza, kwa herufi kubwa. Bw. Gil hakuandika kitu. Aliondoka katikati ya hotuba, eti kuna bomba linavuja mahali.

Sasa mpango wenyewe. Dukani nina fulana mia mbili zilizobaki tangu sherehe ya miaka kumi. Zina uso wangu kifuani, na chini yake: PYO ANAKUONA. Zote nazitoa! Kamera zote za nchi ziko ufukweni. Kila jiwe litafutwa kwa uso wangu, nami nitakuwa nimekaa zangu hapa. Kwa nini nikachutame kwenye baridi wakati uso wangu unaweza kwenda peke yake?

Ijumaa, 23 Novemba

Leo ni siku ya kuugua. Nimechagua mgongo, kwa sababu mgongo hauonekani. Nimebandika plasta sita za dawa, zile zenye harufu kali, nikapanda na kushuka lifti mara nne ili habari zienee. Bi Maeng alinusa akaniuliza kama ni mimi. Nikajibu kwa sauti ya chini kwamba nitajitahidi kwenda, hata nikibebwa. Akasema hapana, nibaki. Nikakataa kidogo. Akasisitiza. Nikakubali haraka kuliko nilivyopanga.

Jumamosi, 24 Novemba

Basi limejaa. Mlinzi wa jengo naye amekwenda. Nimewapungia kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika kiuno. Bw. Gil alishatangulia alfajiri na gari lake la mizigo, bila kuaga wala kuandika jina popote. Watu wengine hawana utaratibu.

Na maegesho yake yako wazi! Jengo halina mtu. Nilishuka kukisogeza kile chungu. Sikujua kwamba mle ndani, chini ya udongo, amejaza saruji. Niliinama, nikakivuta, na kitu kikalia "ka!" kiunoni.

Nimelala kwenye maegesho kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja. Niliita kila jina ninalolijua. Wote wako kwa mama mkwe wangu. Paka mmoja alikuja, akanusa plasta, akaenda zake.

Aliyenikuta ni Bw. Gil. Hakuuliza chungu kilifuata nini mkononi mwangu. Alinibeba mgongoni hadi ghorofa ya tano, maana lifti ilikuwa imegoma. Alinuka mafuta mazito mpaka macho yangu yakatoa machozi. Mlangoni akaniambia jambo moja tu, "Bw. Pyo, zile fulana zako ni nailoni."

Jumapili, 25 Novemba

Sijui kukaa kitandani. Kila nikitulia, nafikiri.

Majirani wamenieleza yote, mmoja baada ya mwingine, bila kuombwa. Nailoni hainyonyi mafuta, inayapaka tu. Mawe yaliyokuwa na weusi upande mmoja sasa yana weusi pande zote. Kuna picha kwenye ubao wa matangazo: mama mkwe amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika uso wangu, umekuwa mweusi hadi masikioni. Inasemekana alimuuliza Bw. Gil mkwe wake yuko wapi kati ya wale wanaume. Bw. Gil akamwonyesha ile fulana. Inasemekana mama alicheka, mara ya kwanza tangu mafuta yafike. Basi nimesaidia! Hilo hakuna aliyelisema.

Gye-sun hajapiga simu.

Jumanne, 27 Novemba

Wanawake wa jengo wametengeneza kimchi leo uani, kabeji mlima mzima. Hakuna chaza mwaka huu. Walinipa beseni langu la kabeji na maji ya chumvi yaliyobaki, wakaniambia nimalizie mwenyewe, nina mikono.

Bw. Gil amekwenda tena, safari hii na majiko ya kupasha joto kwa ajili ya vikongwe wa kijijini. Amerudi na ujumbe wa Gye-sun, akausoma kwenye kiganja alikouandika ili asikosee: "Mwambie Baba Hansol nitarudi akija kunichukua mwenyewe. Asije na nailoni."

Nilicheka mbele ya Bw. Gil. Alipoondoka niliketi sakafuni jikoni. Naogopa. Miaka ishirini na sita sijawahi kula chakula cha jioni peke yangu siku sita mfululizo. Nitakwenda Ijumaa, mgongo au si mgongo.

Ijumaa, 30 Novemba

Nimekwenda! Kwa gari langu, na shuka mbili za pamba.

Harufu ilinipiga kabla sijaona bahari. Watu wamechutama kila mahali, kimya, kila mmoja na jiwe lake. Mama mkwe hakunisalimu vibaya wala vizuri. Alinikabidhi jiwe la ukubwa wa kabeji, akasema, "Futa hili, mkwe wangu." Nikafuta upande wa juu nusu saa nzima, mpaka ukang'aa. Nikamwonyesha. Akasema, "Sasa geuza. Polepole."

Chini kulikuwa kweusi kuliko juu. Nikafuta. Gye-sun akaja kuchutama karibu nami, akanivalisha glavu zake kavu. Begani mwangu nilihisi bega lake. Kwa kitambo kile sikufikiria ubao wala kamera. Niliona aibu kidogo, na nilikuwa na furaha, vyote pamoja, na sikutaka kuinuka.

Kisha nikakumbuka uchaguzi ni keshokutwa, nami sina ushahidi! Nikasema naenda kuchukua chai kwenye gari. Nikalifunga lile jiwe kwa gazeti, nikaondoka mbio kabla barabara haijafurika magari. Njia nzima nilitunga hotuba. Nilifika kwenye kizuizi cha kulipia barabara kuu ndipo nikakumbuka kwamba nilikwenda kumchukua Gye-sun.

Pale hairuhusiwi kugeuza gari. Nilimuuliza mhudumu mara mbili.

Jumapili, 2 Desemba

Niliweka jiwe mezani chini ya ubao, na kikaratasi: LIMEFUTWA NA PYO DAL-SU, PANDE ZOTE. Halikusaidia. Wamemchagua Bw. Gil, ambaye hakugombea na hakuwepo. Alikuwa kijijini tena, anatengeneza jiko la mtu. Alipoambiwa, aliuliza kama ni lazima.

Bi Maeng naye amebandika matokeo yake. Waliojaza tano: tisa. Waliokwenda kati yao: mmoja na nusu. Nilipomuuliza hiyo nusu ni nani, alilitazama jiwe.

Gye-sun amepiga simu. Hakufoka, na afadhali angefoka. Amesema jiwe lile halikuwa la kuchukua. Kwenye ufa wake wa chini kuna chaza wachanga, walio hai, pekee ambao mama yake amewaona tangu mafuta yafike. Mama alinipa mimi nilifute kwa sababu mimi ni mkwe wake. Nilirudishe Jumamosi, kwa mkono wangu. Yeye Gye-sun atanisubiri hadi Jumamosi, na baada ya hapo hatasubiri tena.

Nimeliweka haraka kwenye beseni la maji ya chumvi ya kabeji. Nimetazama ule ufa kwa miwani yangu kali kuliko zote. Wapo, wadogo kama kucha za mtoto mchanga. Nimeapa kwa sauti nitakwenda.

Nimetembea sebuleni mchana kutwa nikitafuta kosa langu, na nimelipata. Kosa ni ile tano! Aliyejaza mbili amekwenda mara tatu na kupewa uenyekiti. Tano inamtisha mtu. Bi Maeng alipoleta fomu ya pili jioni hii, nimejaza moja. Alinitazama, akaandika kitu kirefu. Nadhani alivutiwa.

Kwenye karatasi ya basi la Jumamosi nimejiandika wa kwanza, kwa herufi kubwa. Ila upande wa kushoto wa kiuno naona unaanza tena, kama si leo basi Ijumaa, na plasta zimebaki mbili tu. Nimemgongea Bw. Gil kumuuliza kama kwenye gari lake kuna nafasi ya beseni moja.